Kila Ijumaa Navuka Songwe

Jumamosi, 4 Januari

Nimeanika kokoa, mvua ikaja, nikaanua. Jua likatoka, nikaanika tena. Baba yuko barazani na redio yake, anajifanya hanioni nikipanga begi.

Kesho navuka mto Songwe kwenda Karonga kufundisha Kiswahili kwenye sekondari ya mtu binafsi. Majirani wanasema Malawi si nje, ni hapo tu. Wao hawaendi. Ajira ya serikali nimeisubiri mpaka nimechoka hata kuiulizia. Baba ndiye aliyenisukuma. Nenda, nenda, utazeekea hapa Mwaya.

Naogopa. Si Karonga ninayoiogopa. Tangu Mama afariki huyu mzee hajapika hata uji. Nimemwonyesha tena jiko la gesi linavyowashwa. Aliitikia kama mtu anayesikiliza bei ya mbolea.

Jumapili, 5 Januari

Karonga. Baba alinisindikiza hadi mpakani Kasumulu, akasimama mpaka nikavuka daraja. Hakulia. Nililia mimi, kisha nikakasirika kwa kulia.

Chumba kina kitanda, meza, na dirisha linalotazama ziwa. Nimesema Ziwa Nyasa mbele ya mama mwenye nyumba, akanirekebisha kwa upole. Huku ni Ziwa Malawi. Maji ni yale yale.

Jumatano, 8 Januari

Huku wako nyuma yetu kwa saa moja. Nilisahau. Nilifika shuleni geti limefungwa, nikasimama nje kama mgonjwa anayengoja zahanati ifunguliwe.

Leo nimefundisha saa za Kiswahili. Darasa zima limenitazama kama nimechanganyikiwa. Mshale uko kwenye nane, mwalimu anasema saa mbili.

Mwalimu wa baiolojia, Madamu Temwa, amenisalimia kwa Kingonde, lugha yao ya hapa. Ni Kinyakyusa chetu kabisa, kimepinda kidogo tu. Nilitegemea ningefurahi. Nimejisikia mgeni zaidi. Ningekuwa Ulaya ningetulia, maana ningejua kwamba siwezi kurudi. Hapa naona nyumbani kila nikigeuza shingo.

Baba anasema kwenye simu kwamba amekula. Nikamuuliza amekula nini. Akasema ndizi.

Ijumaa, 17 Januari

Nimevuka tena. Ijumaa iliyopita pia nilivuka. Afisa wa uhamiaji ananiuliza kama kuna kitu nilisahau.

Nyumba ni safi. Mashati ya Baba yamepigwa pasi. Nimeumia sana. Mzee wa watu anajifunza kupiga pasi uzeeni kwa sababu yangu. Nimefua tena nguo zilizokwisha kufuliwa. Baba akaniambia nipumzike, nina safari. Sikumsikiliza.

Jumatatu, 27 Januari

Mvua ya usiku kucha. Barabara ya Kasumulu imejaa maji, bodaboda wote wamegoma. Nimefika shuleni mchana, nimeloa, vipindi vyangu vimekwisha.

Mkuu wa shule hakufoka. Alisema aliajiri mwalimu, si msafiri, na ikitokea tena atatafuta mwingine. Anataka nisimamie klabu ya Kiswahili kila Jumamosi. Nimekataa. Nimesema nina mzee.

Alhamisi, 6 Februari

Sikai mahali pamoja. Nikiketi nasimama. Nikisahihisha madaftari nasoma sentensi moja mara nyingi. Nimetembea hadi sokoni na kurudi bila kununua kitu.

Madamu Temwa amenialika Jumamosi kwa mama yake, kula kondowole, ugali wao wa muhogo, na usipa, dagaa wa ziwani. Nimesema naenda nyumbani. Akasema, "Wewe hujahamia bado." Nimemchukia kwa muda wa chai nzima.

Jumanne, 18 Februari

Nimeamua kuacha kazi. Mitihani ya nusu muhula imemalizika mapema, kesho na keshokutwa sina kipindi. Nitavuka nimwambie Baba kwa mdomo. Sitampigia. Simu atakata, aseme mtandao mbaya.

Nimetulia kwa mara ya kwanza tangu nije. Nahisi hivyo. Au nimechoka.

Jumatano, 19 Februari

Nyumbani.

Niliingia kwa nyuma. Nilisikia Baba akicheka kabla sijamwona. Kicheko hicho sijakisikia tangu Mama alipokuwa hai. Alikuwa kwenye kigoda jikoni anamenya ndizi. Jikoni alikuwa Mama Bupe, mjane anayeuza mchele, tunayeimba naye kwaya. Amejifunga khanga, anageuza samaki aina ya mbasa kwenye chungu. Kwenye chungu cha Mama.

Baba alisimama. Ndizi zikamwagika. Mama Bupe alinisalimia, ugonile, mwanangu, kwa sauti ndogo. Sikuitikia. Mimi, niliyefundishwa kumsalimia hata mlevi. Akaepua chungu, akachukua viatu vyake, akaondoka.

Pasi. Usafi. Ndizi. Mjinga mimi.

Alhamisi, 20 Februari

Baba alisema asubuhi, barazani, bila redio. Yeye na Mama Bupe, ni miaka sasa. Mchungaji anajua. Shangazi anajua. Pengine Kyela nzima inajua.

Nilimkumbusha kwamba nilirudi kumuuguza Mama, nikabaki. Nilikataa kazi Mbeya. Mwanamume aliyetaka kunioa alichoka kungoja. Yote kwa sababu Baba hawezi kukaa peke yake. Kwa nini hakuniambia?

Baba akasema, "Ulibaki kwa ajili yangu, Subi. Sasa ningekuambiaje unipishe?"

Hakusema kwa ukali. Ingekuwa afadhali.

Basi ndiyo maana ya nenda, nenda. Nimechukua begi. Habari ya kuacha kazi sikuigusa. Ningeacha nirudi wapi?

Jumamosi, 1 Machi

Jana ilikuwa Ijumaa na sikuvuka. Nimekaa chumbani na hasira yangu. Baba amepiga, sikupokea. Amepiga tena, nikazima.

Nina hasira kwa sababu ana furaha. Ndivyo ilivyo. Kama ningemkuta amekonda, mchafu, analala njaa, ningempenda zaidi. Hili ni jambo baya. Ni la kweli.

Jumanne, 4 Machi

Mama Bupe amekuja shuleni. Huvuka na mchele wake kuuza soko la Karonga, hilo nalijua. Leo alipita sokoni hakusimama, akaja moja kwa moja hadi getini.

Nilimpeleka chumbani kwangu, nikachemsha chai kwa sababu sikujua nifanye nini kingine. Alikaa ukingoni mwa kiti. Alisema hajawahi kulala katika nyumba ile, wala hatalala mpaka nikubali. Si Baba, si mchungaji. Mimi.

"Sikuja kuchukua nafasi ya mama yako," akasema. "Yule alikuwa rafiki yangu. Nilimwosha mimi."

Sikujua. Siku ile ya msiba sikuwa naona watu. Wanawake waliingia chumbani, mlango ukafungwa, na mimi nilikuwa nje.

Chai ilipoa. Nilimuuliza, Baba hula nini asubuhi? Akasema uji wa ulezi, anaulalamikia, anaumaliza. Nilicheka bila kutaka.

Alipoinuka nilimwambia aingie tu nyumbani. Chungu akitumie, ila mkufu wa Mama ulio kabatini ni wangu. Akasema ndaga fijo, kama tunavyosema nyumbani tukishukuru kwa moyo. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Inanuka pumba za mchele.

Baada yake nililia vibaya. Si kwa hasira. Sijui kwa nini.

Jumatano, 5 Machi

Nimempigia Baba. Hatukusema mengi. Alikohoa sana, halafu akaniuliza kama chumba kinavuja. Hakivuji. Ndoa ni baada ya Pasaka. Nitaenda.

Nimemwambia mkuu wa shule kwamba klabu nitaisimamia.

Jumamosi, 15 Machi

Klabu asubuhi. Wamekuja wachache, wakabishana kwa Kiswahili kibovu kuhusu mpira, na sikuwakatiza.

Nimefua mashuka. Nimenunua sufuria ndogo ya kwangu na samaki wa kutosha mtu mmoja. Nimekula mlangoni. Mama mwenye nyumba alipita akaniuliza kama leo siendi. Nikasema siendi.

Mchana nimelala. Nimelala kweli, na viatu miguuni. Nilipoamka mvua ilikuwa imenyesha na kukatika, na uani watoto wa jirani walikuwa wanaruka madimbwi.