Nilidhani Umesoma

4 Machi

Shangazi, shikamoo. Goti linasemaje? Mimi mwili mzima, ila roho haina raha kabisa.

Nimeharibu, Shangazi. Ile programu ya akili mnemba niliyokusifia ilinisahihishia insha hamsini na mbili kwa nusu saa. Nikanakili maoni yake kwenye madaftari bila kusoma hata insha moja, nikajiona mjanja kweli. Mada ilikuwa "Siku Nisiyoisahau". Kumbe binti mmoja wa dawati la mbele, mpole, aliandika kuhusu kifo cha baba yake. Nami kwa mkono wangu nimemwandikia: "Simulizi inavutia! Ongeza tukio moja la kusisimua."

Leo siku ya nne haji shule. Mama yake anasema amekataa katakata kurudi, na mtihani wa mwisho uko mlangoni. Nifanyeje? Programu nimeifuta kwa hasira.

Mwanao, mwalimu wa aibu

8 Machi

Marahaba, mwanangu. Goti linalalamika, si ndiyo kazi yake?

Umekosea, sikupambi maneno. Ila usidhani shangazi yako malaika. Mimi nilipokuwa nafundisha nilichongesha muhuri wa mpira, "Vizuri, ongeza bidii", nikawa nagonga madaftari huku napiga soga na wenzangu. Mtoto mmoja aliniandikia humo humo daftarini kwamba kwao anapigwa, anaomba nimsaidie. Nikagonga muhuri. Nilipokuja kuyaona maneno yale, alishahama. Mpaka leo yananichoma.

Wewe bado una nafasi. Isome hiyo insha mpaka mwisho, kisha nenda kwao. Usipige simu, nenda! Mwambie ukweli wote, hata ukionekana wa ovyo. Na programu irudishe. Muhuri wangu haukuwa na akili ya aina yoyote, na madudu niliyafanya vile vile.

Shangazi yako, mstaafu mwenye mdomo

2 Aprili

Shikamoo, Shangazi. Najua umeninunia kwa kimya changu, nami sina utetezi. Unaendeleaje lakini?

Nilikwenda. Insha niliisoma nimesimama nje ya mlango wao, nikalia kabla sijabisha hodi. Nikamwambia mashine ndiyo iliyosoma, mimi nilinakili tu. Nilijua atanichukia. Akashusha pumzi, akasema, "Afadhali, mwalimu. Nilidhani umesoma."

Jumatatu alirudi. Darasa zima nililiungamia, basi wakanicheka wee! Sasa programu inatutungia mazoezi, na wao wanashindana kuwinda makosa yake. Anayeitumia anasema wazi ameitumia wapi. Majina yao na mambo ya nyumbani hatuipi. Insha nasoma mwenyewe, kumi kwa siku, macho yananiuma na nina furaha. Asante, Shangazi. Ungenionea huruma tu, ningempoteza mtoto yule. Asante kwa kunisema, na asante zaidi kwa kunipa siri ya muhuri wako.

Jana aliniletea insha mpya, ya siku baba yake alipomfundisha baiskeli. Akasimama pale pale mezani kwangu. "Nasubiri usome," akasema. Nikamvutia kiti, nikasoma kurasa zote tatu, wala hakuondoa macho kwangu. Nilipochukua kalamu, akafunika ukurasa kwa kiganja.

"Usiandike, mwalimu. Niambie tu."

Nikamwambia.

Mwanao