Mchele Ndani ya Kisanduku cha Shabani

Jumatatu, 4 Juni 1956

Nina miaka sabini na moja. Au sabini na mbili. Mjerumani alikuja akaondoka, mimi nipo. Sotoka ilimaliza ng'ombe wa baba, mimi nipo. Nzige, njaa, vita viwili. Nimezika wake wawili. Nipo.

Leo kama kila siku. Baridi, ukungu toka mtoni. Nimewasha taa yangu ya wavu, nimeshuka shimo la makaa ya mawe kabla ya watu wote. Ulimi wa moto ukivaa kofia ya buluu, ipo hewa ya moto, ile inayolipuka. Usipovaa, napaza sauti: "Ingieni!" Miaka sita neno hilo ni langu. Bila mimi wanaume arobaini wanakaa nje kama kuku walionyeshewa.

Mchana kaja mtu toka Iringa mjini. Shabani. Babu yake wa pwani. Viatu vinang'aa. Kabeba kisanduku kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Sijakipenda.

Jumanne, 5 Juni

Ndani ya kisanduku kuna kitaa cha betri na vioo. Shabani anateremsha bomba la mpira shimoni, anaminya, hewa inapanda. Anachungulia. Kuna mistari myeusi. Hewa mbaya ikipita kwenye mwanga, mistari inahama. Hakuna moto hata kidogo. Yeye mwenyewe hashuki, anakaa juu kwenye kigoda kama bibi arusi.

Nikasema, "Ingieni." Yeye akasema, "Subirini kwanza." Ati mistari imehama kidogo, kiasi ambacho taa yangu haiwezi kukiona. Bwana Mkubwa, Mzungu wa mgodi, kamsikiliza yeye. Mimi nimesimama pale pale na taa mkononi! Wakapuliza hewa safi shimoni mpaka saa nne.

Elia, mshika kamba, kaniambia, "Gwe babu, leo taa yako imelala!" Wote wakacheka. Shabani hakucheka. Hilo limeniudhi zaidi.

Ni wivu. Naandika hapa kwa kuwa hakuna anayesoma.

Alhamisi, 7 Juni

Ameniita mwenyewe. "Mzee wangu, njoo uone." Nikachungulia. Ni kweli, mistari ipo.

Kanionyesha na kikopo kidogo chenye dawa, punje nyeupe. Hewa hupita humo kwanza. Dawa inakula hewa nzito, ile inayozima moto. Mistari ikihama bado, basi ni hewa ya moto. Bila dawa, kisanduku kinahesabu zote mbili pamoja. Ndivyo kinavyojua hii ni ipi na ile ni ipi. Kanieleza kwa heshima. Nami nikaichukua heshima yake nikamwibia nayo.

Hewa nzito sisi watu wa Rungwe tunaijua tangu watoto. Yapo mabonde mbuzi akishuka kunywa hapandi tena. Na humu mgodini shimo la chini limefungwa wiki nzima, kesho linafunguliwa. Najua limejaa.

Saa ya uji nikamwaga dawa yake. Nikatia mchele wa Chimala, ule wa mke wangu wa sasa, Tusekile. Nyeupe kwa nyeupe, ila mchele hauli hewa nzito. Kesho kisanduku kitasema moto pasipo na moto. Na mimi nitashuka na taa, nitamwonyesha.

Ijumaa, 8 Juni

Nitaandika kidogo.

Kisanduku kilisema moto, moto mwingi. Shabani akafunga tena shimo la chini. Bwana Mkubwa akanuna, kazi imesimama. Nikasema mimi nashuka. Shabani akasema, "Shuka, mzee wangu, ila kamba nakufunga mwenyewe." Nikamwambia mimi si ndama. Akanifunga.

Nilitaka kutazama darini, ndiko hewa ya moto hukaa. Nilijua ile nyingine imelala chini. Nikadhani inafika magotini tu. Ilikuwa kifuani. Taa ikazima bila kofia yoyote. Nikaanguka. Sikumbuki kuvutwa.

Jumamosi, 9 Juni

Nimelala. Kichwa kinagonga.

Shabani kaja. Kakaa kando ya mkeka, kafungua kikopo. Kamimina punje kiganjani. Katia moja mdomoni, kaivunja kwa meno. Akanitazama. Nikatazama ukuta.

Akasema, "Pole, mzee wangu." Akaondoka. Basi. Angenitukana ningelala vizuri.

Jioni Elia kaleta habari. Bwana Mkubwa kasema kisanduku kinaongopa, kiliita moto mahali pasipo moto. Jumatatu Shabani anapanda lori kurudi Iringa, kazi imekwisha. Na Shabani hajasema neno juu ya mchele.

Ndicho nilichotaka. Sijala.

Jumatatu, 11 Juni

Lori lilikuwa linanguruma. Watu wote walikuwapo. Nimesema. Si kwa sauti ya "Ingieni," lakini walisikia. Mchele. Mimi. Kisanduku hakikuongopa, mimi ndiye niliyekiongopesha.

Bwana Mkubwa kachukua taa toka mkononi mwangu. Shabani kashusha mzigo wake toka kwenye lori.

Jumapili, 17 Juni

Kanisani asubuhi, kisha nyumbani. Mvua hakuna.

Shabani kaniombea kazi ya kushika bomba. Namwambia hapa teremsha, hapa kwenye shimo la kona hewa nzito hupenda kulala. Anapima mara mbili, na dawa na bila dawa. Kisha ni yeye anayesema, "Ingieni." Kila asubuhi linanichoma. Sitasema halinichomi.

Kama daftari hili litasomwa nikishakufa, msomaji amuulize Elia, ndiye aliyeshika kamba. Amuulize Tusekile, ndiye aliyekuta mchele umepungua akanyamaza. Shabani naye shahidi, lakini yeye atasema mimi ni mzee mwema. Hapo asiaminiwe.