Kamera Iliyolipiwa Ushuru Mara Tatu

3 Februari

Binti yangu mpendwa,

Salamu zinakuja kwa ngazi, kama ilivyo ada ya nyumba hii. Kwanza zinatoka kwa Shangazi yako, fundi cherehani, mkubwa wetu sote, ambaye ameketi kwenye kiti chenye mto. Zinafuata za Baba Mdogo wako, kinyozi, aliyekuja na aproni yake mwilini ili tujue ameacha wateja. Kisha za Mjomba wako, fundi simu, ambaye tangu mama yako atutoke hajakosa hata kikao kimoja. Mwisho ni zangu mimi mwandishi, niliye kwenye kigoda. Sote tu wazima, isipokuwa goti la Shangazi, nalo anasema ni zima ila halipendi ngazi. Wewe je, hujambo? Kazi ya wodini inakwendaje? Baridi imepungua, au bado unavaa soksi mbilimbili?

Kama ujuavyo, barua ya kwenda ng'ambo husomwa mbele ya kikao kabla ya kutumwa, na mwenye neno hupewa nafasi. Neno lenyewe ni hili: kamera ya studio imekufa. Sisemi imeharibika, iliharibika miaka sita iliyopita, tukazoeana. Sasa imekufa. Jumanne nilimpiga picha karani wa mahakama mara tisa, na mara zote tisa alitoka na nusu ya kichwa. Akaniuliza kwa adabu kama nusu ya pili inalipiwa peke yake.

Nayo imekufa wakati mbaya. Mwalimu Mkuu wa shule ya wasichana amenikabidhi kazi ya kuwapiga picha watahiniwa wote, mia tatu na kumi na wawili, Jumatatu ya tarehe 12 Mei, picha za kubandikwa kwenye fomu za mtihani. Nikishindwa, kazi itavuka barabara kwenda kwa jirani yangu anayepiga picha kwa simu na kusema ana studio. Nami nitafunga mlango nilioufungua miaka thelathini na mmoja iliyopita.

Kwa hiyo nakuomba ununue kamera huko, kwani hapa zilizopo dukani ni za maonyesho. Usihofu kuhusu ushuru. Nimekwenda mwenyewe ofisi ya forodha kuuliza. Afisa, mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, alinieleza vizuri: bei ya kitu hujumlishwa na nauli yake, hapo hutozwa ushuru, kisha juu ya ushuru hutozwa kodi nyingine. Nikamwuliza, "Yaani kodi nayo inatozwa kodi?" Akasema, "Mzee, hata mtoto naye hukua akazaa." Nimeridhika. Nitalipa.

(Baba Mdogo wako ameomba iandikwe kwamba yeye hajaridhika, na kwamba njia zipo. Imeandikwa.)

Ni mimi, Baba yako.


26 Februari

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Shikamooni nyote kikaoni, tangu kiti chenye mto hadi kigoda cha mwandishi. Mimi ni mzima, soksi bado mbilimbili. Shangazi, goti lipakwe dawa ya moto, lisisikilizwe maneno yake.

Kamera nimeipata, Baba, na ni nzuri mno. Muuza duka aliniuliza kama mimi ni mwandishi wa habari. Nikasema hapana, mimi ni binti wa mpiga picha, naye akaifungasha kwa heshima.

Sasa sikilizeni. Muuguzi mwenzangu wa zamu amenidokeza kwamba kifurushi kidogo, chenye thamani ndogo, hupita forodhani bila kutozwa chochote. Hapo nikakumbuka neno la Baba Mdogo kuhusu njia. Basi kamera nimeigawa. Mwili wake nimemtumia Baba Mdogo, na kwenye fomu nikaandika "kifaa cha kinyozi". Lenzi inakuja kwa Shangazi, kama "kioo cha kusaidia macho". Betri na chaja vinakwenda kwa Mjomba, "vipuri vya simu". Wewe Baba nimekutumia mkanda wa kuvalia shingoni, nikaandika "mkanda", maana kukudanganyia wewe nimeogopa.

Vikifika, kaeni kikao, viunganisheni, mpige picha. Akili ni mali.

Ni mimi, Binti yenu.


30 Machi

Mwanangu,

Hujambo? Mimi sijambo kiasi. Za wengine siwezi kukupa, kwa sababu barua hii haikusomwa mbele ya mtu. Kikao hakikukaa. Naandika nyuma ya pazia la bluu la studio, na kiti chenye mto kiko tupu.

Vifurushi vilifika siku moja, kutoka kwa mtumaji mmoja, kwenda kwa watu watatu wenye anwani ya mtaa mmoja. Yule mama wa miwani aliwaita mmoja mmoja. Baba Mdogo wako alipoingia, aliwekewa mwili wa kamera mezani.

"Hiki kifaa cha kinyozi," akaulizwa, "kinanyoa nini?"

"Kinanyoa... mbali," akajibu. Hayo ndiyo maneno ya ndugu yangu niliyemsomesha kwa fimbo.

Wote watatu walilipa: ushuru, kodi juu ya ushuru, faini ya kuandika uongo kwenye fomu, na ada ya kifurushi. Kila mmoja alilipa kimyakimya kwa aibu, akidhani wenzake wamepita salama. Mkanda wangu ulipita bure. Afisa aliniambia, akiwa amevua miwani, "Mzee, mzigo huu ungekuja katika boksi moja lenye maandishi ya kweli, mngelipa chini ya nusu ya hapa." Nikamshukuru. Nikatoka nimevaa mkanda shingoni, hauna kitu.

Lakini hilo si balaa. Balaa lilianza nilipokwenda kukusanya.

Nilimkuta Shangazi yako kwenye cherehani. Ameigeuza lenzi kinyumenyume, anaangalizia tundu la sindano.

"Dada, naomba lenzi."

"Lenzi ipi?"

"Hiyo unayotungia uzi."

"Aa, hii? Hii ni yangu. Soma."

Akanipa risiti ya forodha. Mwenye mzigo: yeye. Muhuri upo. Nikaenda kwa kinyozi. Mwili wa kamera uko rafuni katikati ya mashine mbili za kunyolea, wateja wanauamkia. Naye ana risiti. "Kaka," akaniambia, "mwili ni wangu. Wewe una mkanda, funga suruali." Mjomba wako ndiye mwenye huruma, alinionyesha betri, anaichaji kila asubuhi, asema betri isipokula husahau kazi. Ila kunipa hanipi. Naye ana risiti.

Siku zimebaki arobaini na tatu.

Baba yako.


9 Aprili

Baba,

Shikamoo. Goti la Shangazi likoje? Natumaini kuudhika hakujalizidishia maumivu.

Kosa ni langu. Akili nilikuwa nayo, mali ndiyo iliyokataa kuja. Yule muuguzi nimemwuliza tena, kumbe alikuwa akizungumzia vitabu.

Nimekutumia fedha za kuwarudishia wote watatu kila walichotoa, pamoja na faini. Warudishie leo, chukua vitu vyako, studio ifunguliwe. Nami nimeandika kwenye mlango wa kabati langu: boksi moja, neno la kweli.

Binti yako mwenye haya.


27 Aprili

Mwanangu,

Hujambo? Fedha zilifika. Niliwapelekea, nazo nimerudi nazo. Shangazi yako hata bahasha hakuigusa. Alisema, "Sikulipa ili nirudishiwe." Baba Mdogo wako akasema afadhali anyoe watu bure mwaka mzima, na Mjomba wako akasema lolote watakalosema wakubwa.

Hata hivyo walikubali kujaribu. Yule karani wa mahakama alirudi kutafuta picha ya pasipoti, kwa kuwa ni mtu asiyekata tamaa. Sikiliza jinsi tulivyompiga. Baba Mdogo wako aliushika mwili wa kamera wala hakuuachia. Shangazi yako aliishika lenzi kwa mikono miwili, na kabla ya hapo alimwamuru karani afunge kifungo cha juu. Mjomba wako alituomba tusizidishe picha tatu, betri isichoke. Mimi nilichungulia kupitia chini ya kwapa la kinyozi.

"Dada, sogeza kushoto kidogo."

"Mimi sisogei. Mwambie karani asogee."

"Kaka, unanitekenya!"

Karani akatazama vile vichwa vinne vimegandamana kama ndizi, akacheka. Picha ilitoka safi ajabu. Sijawahi kupiga picha safi namna ile. Ofisi ya pasipoti ikairudisha, meno hayaruhusiwi. Mara ya kwanza alipungukiwa kichwa, mara ya pili amezidisha meno. Safari yake sijui ataisafiri lini.

Karani alipoondoka niliwaka. Niliwaambia studio ni yangu, nimeijenga kwa jasho langu, wao waende na vipande vyao. Shangazi yako alisimama kwa lile goti, akalipapasa pazia la bluu, akasema, "Mwaka wa thelathini na mmoja huu. Umeupiga picha mtaa mzima." Akatoka. Sikuelewa, na sina hamu ya kuelewa.

Tarehe 5 nitakwenda shuleni kumwambia Mwalimu Mkuu kwamba nimeshindwa.

Baba yako.


29 Aprili

Baba,

Shikamoo. Usiende shuleni. Nakuomba kwa magoti yote mawili, yangu yakiwa mazima.

Nina maswali tu. Pazia la bluu lilishonwa na nani? Benchi wanalokalia wateja lilichongwa na nani kabla hajawa kinyozi? Waya wa taa uliunguza vidole vya nani? Nilikuwa mdogo lakini nakumbuka bandeji ya Mjomba. Sasa tazama kuta zako. Picha ya Shangazi iko wapi?

Wewe ndiye uliyenifundisha kusoma risiti hadi mstari wa chini. Zile risiti tatu za forodha, Baba, ndizo karatasi za kwanza katika miaka yote hiyo zenye majina yao na neno "mwenye mzigo". Nani angezirudisha kwa bahasha?

Jibu sihitaji. Kaa kikao.

Binti yako.


10 Mei

Kwa Dada yangu mkubwa, mwenye kiti chenye mto, uliyekubali kurudi kukikalia. Kwa Ndugu yangu mdogo, uliyeivua aproni leo bila kuambiwa. Kwa Shemeji yangu, uliyebaki baada ya aliyetuunganisha kuondoka. Na kwa Binti yetu aliye mbali, ambaye nakala hii itamfikia: salamu za heshima, kila mtu kwa cheo chake. Naomba radhi kwamba leo nasoma nimesimama. Mwenye kosa haketi.

Nilikuja kwenye nyumba hii ya picha na kamera moja na maneno mengi. Pazia lilishonwa usiku kucha na mtu ambaye sikumlipa, wala sikumwambia ahsante, kwa kuwa ni dada. Benchi lilichongwa na mtu ambaye nilimkosoa kwamba mguu mmoja ni mfupi, nao ni mfupi hadi leo, na limebeba mtaa mzima. Taa zilifungwa na mtu aliyeungua vidole akaniambia si kitu, nami nikamwamini kwa sababu ilinifaa kumwamini. Kisha nikaandika mlangoni jina moja, langu.

(Baba Mdogo ameomba iandikwe kwamba mguu wa benchi si mfupi, ni sakafu iliyozama. Imeandikwa.)

Nimezisoma risiti zenu hadi mstari wa chini. Ni za kweli. Kilichoandikwa uongo ni fomu ya binti yetu na kibao cha mlango wangu. Fomu imekwishatozwa faini. Kibao nimekishusha jana, na nafasi yake ninaitolea hesabu mbele yenu.

Kwa hiyo, kwa ruhusa ya mwenye kiti, natangaza uamuzi, na kila aliyehudhuria anao wajibu ndani yake.

Kuanzia leo studio ni ya walioilipia, na kibao kipya kitachorwa majina kwa mpangilio wa kuketi. Risiti tatu za forodha zitawekwa kwenye fremu, zitundikwe pale ilipokuwa picha yangu ya ujana, ambayo nimeambiwa kwa miaka mingi kwamba inatisha watoto. Kifurushi kingine kikiagizwa kutoka nje, kitakuja katika boksi moja, kimeandikwa jina lake halisi, na ushuru wake tutauchangia tukiwa tumekaa.

Keshokutwa, Jumatatu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, tutakutana kwenye lango la shule ya wasichana. Dada ataleta lenzi. Kwa ajili ya sindano nimemnunulia kioo cha kukuzia hapahapa dukani, kimekwishalipiwa kodi. Ndugu yangu ataleta mwili, na chanuo, maana mia tatu na kumi na wawili hawawezi wote kuwa wamechana vizuri. Shemeji ataleta betri iliyokula ikashiba. Kabla ya mtahiniwa wa kwanza kuketi, ataketi Dada, kifungo cha juu kimefungwa, na meno kama atapenda, kwa kuwa picha hiyo haiendi ofisi ya pasipoti. Inakwenda ukutani.

Mimi, ambaye katika kamera yote hii sikulipa ushuru hata wa senti, nitakuja na mkanda wangu, na nitasimama nje ya lango mpaka mtakaponiita.

Ndugu yenu, Shemeji yenu, na Baba yako.