Meza ya Atieno iko hatua nne kutoka yangu

Alhamisi. Kisumu imeamka na mvua, mimi nimeamka na kijicho.

Acha niseme ukweli: namwonea Atieno wivu. Tulisoma pamoja chuoni Maseno, sasa tunafanya kazi ofisi moja, na maombi yetu ya utafiti tuliyapeleka wiki moja. Kamati ya maadili, wale wanaohakikisha kwamba watu tutakaowatoa damu hawaonewi, imempitisha mara ya kwanza. Mimi nimerudishwa mara tatu. Eti nieleze vizuri mtu atakataaje bila kuogopa. Jana akaleta keki. Nilikula vipande viwili, nikampongeza, halafu nikaenda chooni kulia.

Leo asubuhi Mama akapiga simu kutoka bichi ya ziwani, anakonunua omena, wale dagaa wa ziwa, za kuuza.

"Mwenyekiti wa bichi ametuita wote Jumatatu, tutolewe damu na huyo rafiki yako."

"Lakini ni hiari, Mama. Unaweza kukataa."

"Hiari gani, nyathina, mwanangu? Si mwenyekiti ndiye anasema nani atapata samaki boti zikifika? Wewe ungekataa?"

Nikamwambia nitampigia baadaye.

Fomu ya maombi ya Atieno nimeisoma. Haki ya Mungu, ni nzuri kuliko yangu. Inasema mwenyekiti ndiye atawaita akina mama, na kamati labda waliona hiyo ni heshima kwa viongozi. Hawajawahi kusimama majini na beseni wakingoja boti. Mimi nimesimama, nikiwa mdogo, nyuma ya Mama, nikiona vile yule aliyemkasirisha mwenyekiti anarudi nyumbani na beseni tupu.

Nikaandikia kamati. Kila neno ni kweli. Kufikia saa nane walikuwa wamesimamisha utafiti wake, na Jumatatu Mama hatalazimishwa na mtu. Hapo sijutii hata kidogo.

Lakini nilipotuma ile barua nilitabasamu. Nilijiona kwenye kioo cha simu.

Atieno alilia mezani kwake hadi jioni. Akaniuliza kama najua ni nani amemripoti. Nikasema sijui, nikampa tishu.

Ningemwambia yeye kwanza, angeirekebisha fomu leo leo, namjua. Angenishukuru hata. Ilikuwa ni kuinuka tu, hatua nne, nimwambie.

Kesho nitamwambia ni mimi. Akiniuliza kwa nini sikuanza na yeye, nitasema ni kwa ajili ya Mama?