Nimeshinda Juu ya Jabali, Nkome

Shikamoo mama,

Huku Nkome majabali yameingia ziwani kama ng'ombe waliokwenda kunywa maji wakagoma kurudi. Nilipanda moja nipige picha, kumbe nakanyaga dagaa wa watu, wameanikwa juani! Mwenyewe, Mama Neema, hakunifokea. Alinivulisha viatu, akanipa tawi.

"Siku hizi wageni mko wengi, mwanangu, hatungoji siku ya tatu kuwapa jembe. Fukuza ndege mpaka dagaa wakauke."

Basi nimeshinda hapo juu, ziwa lote linameremeta mbele yangu, yangeyange wananitukana. Sijawahi kuona ufuko mzuri hivi, mama. Msalimie baba, mguu wake upone.

Picha sikupiga hata moja. Nusa kadi hii, ndiyo Nkome yenyewe.

Mwanao,
Zawadi