Mpaka Shemeji Afike

Jumatatu, 10 Machi
Bado niko mkekani. Uji, nyimbo, wageni, ugali wa muhogo, nyimbo tena. Mjane hatoki kwenye mkeka mpaka kaka mkubwa wa marehemu afike kuondoa matanga. Ada ya huku kwa mume wangu. Kaka mkubwa ni shemeji anayefuga ng'ombe kule Kirolirwe, na njia imefungwa kwa risasi. Basi nakaa. Chooni napelekwa na wifi yangu Vumilia, kisha narudishwa haraka. Mimi mwalimu, niliyezoea kusimama ubaoni kutwa!

Jumatano, 12 Machi
Mguu wa kushoto umevimba. Wa kulia mzima. Shavu la mguu linauma, lina moto. Nimeomba kutembea uani kidogo tu. Vumilia amenikazia macho.
"Kaka hayafika. Unataka batu baseme ulikuwa unangoja bwana yako afe?"
Nimebaki nimekaa. Naogopa midomo yao kuliko uvimbe. Ujinga, lakini ndivyo nilivyo.

Alhamisi, 13 Machi
Wamenikanda kwa maji ya moto na mawese. Vumilia anakanda kama anasonga ugali. Maumivu yamepanda hadi pajani. Bibi mmoja wa kilioni akatoa hukumu: "Bwana yake njo iko anavuta hii muguu." Wote wakaitikia. Nilimpenda mume wangu. Hakuwahi kunivuta mguu akiwa hai, aanze leo?
Simu ya shemeji haipatikani.

Ijumaa, 14 Machi
Siku ndefu. Mguu mzito. Nauchukia mkeka huu.

Jumapili, 16 Machi. Pinga, hospitalini
Naandika ya jana.
Wakati wa sala kifua kilichoma ghafla. Pumzi ikawa fupi. Vumilia aliniona usoni, akakimbia mwenyewe kumwita Papa Bahati, muuguzi wa kituo chetu cha afya. Muuguzi aligusa mguu, akaulinganisha na mwenzake, akawageukia wafiwa.
"Musikande tena! Damu imeganda ndani ya muguu, sababu ya kukaa siku mingi bila kutembea. Kipande kimeshapanda ku mapafu. Mubebe ye ku Pinga sasa hivi!"
Tipoyi, machela yetu ya miti, ikaletwa. Wanaume wakatazama chini. Nani amwinue mjane kabla ya mkubwa kufika? Wakaanza kujadiliana. Mimi natweta, wao wanajadiliana! Nilijaa hasira. Nikajaribu kusimama peke yangu, nikaanguka. Nikajua nitafia pale pale, katikati ya watu wenye adabu.
Aliyeinuka ni mama mkwe. Tangu mazishi hakuwa amefungua kinywa. Akanishika kwapani.
"Nimeshazika mutoto moja. Ya pili nakatala."
Akaukunja mkeka mbele ya wote. Wanaume wanne wakanibeba, wakipokezana na wengine njiani, na yeye akafuata nyuma kwa miguu mpaka hapa.

Jumatatu, 17 Machi
Sindano za tumboni, za kuzuia damu kuganda. Usiku nimepumua vibaya. Daktari hatabasamu. Nimeogopa sana, siandiki zaidi.

Alhamisi, 20 Machi
Kifua kimetulia. Uvimbe unashuka. Daktari ameniruhusu kutembea polepole. Amesema nikirudi darasani au nyumbani, nisikae tena muda mrefu bila kuinuka.
Shemeji amefika, tope hadi magotini. Mama mkwe alimpokea nje, mlangoni. Sikusikia walichosema. Shemeji alipoingia aliniuliza tu kama nimekula.
Jioni tumezunguka ua wa hospitali, Vumilia kushoto, mama mkwe kulia. Hakuna aliyeimba. Karibu na migomba mama mkwe akaanza kulia, taratibu, akimtaja mwanawe kwa jina la utotoni. Nami nikalia. Hatukusimama. Tuliendelea kutembea hadi giza lilipoingia.