Kidevu cha Mwanangu

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimemkuta. Nimesukuma mlango wa bafu nikidhani hamna mtu — kumbe yumo, kainua kichwa, povu kidevuni, wembe mkononi. Palepale alipokuwa akisimama marehemu baba yake. Tumetazamana kwenye kioo. Akasema, "Mama, si ungepiga hodi?" Nikasema nisamehe. Nikafunga. Nikabaki nje nasikiliza wembe — kwaru, kwaru, kwaru.

Mtoto wa kike!

Mimi nilidhani ni vile vinywele viwili vitatu, anavyong'oa kwa kibano. Wapi. Ni ndevu. Ndevu kamili, mpaka shingoni.

Jumatano, 6 Machi

Kanieleza mwenyewe, tukichambua mchele. Pengine kwa sababu macho yetu yote yalikuwa kwenye sinia.

Ananyoa kila siku kabla sijaamka. Ikifika jioni zinakwaruza tena. Kibano alikiacha zamani, vidole vilikufa ganzi. Msusi akamng'oa ndevu kwa uzi — vipele juu ya vipele. Akapika mwenyewe sukari na ndimu, akabandika, ikaondoka na ngozi. Krimu ya dukani inanuka kama yai viza, na nywele zikirudi zinarudi na ndugu zao! Hapo tulicheka wote wawili. Kisha akaacha kucheka.

Kule anakouza mikate, mteja kamwambia mbele za watu: "Kaka, nipe mkate laini, na wewe ukanyoe vizuri." Watu wakaangua kicheko. Nikamuuliza, wewe ukafanyaje? Akasema, "Nilicheka nao, Mama. Ningefanyaje?"

Na mchumba wake, yule fundi redio, hajui lolote. Nikashangaa, hajui vipi? "Simwachi aniguse uso. Nikiona mkono unakuja najifanya nimekasirika." Kumbe ule ukali wote kwa kijana wa watu! Nami nilikuwa namgombeza binti yangu kwamba ana kiburi. Sasa shangazi yake huyo kijana anakuja Jumapili ya wiki ijayo, kutufahamu. Mwanangu ananiuliza, shangazi akinikumbatia je? Akinibusu shavuni?

Nimeokota mawe kwenye mchele.

Ijumaa, 8 Machi

Kazi yangu mimi ni kukwangua. Ngozi za ng'ombe zinaingia kiwandani na manyoya yake, zinatumbukizwa kwenye shimo la chokaa pamoja na ile dawa kali tunayoiita kinyozi. Zikitoka, unapitisha kisu butu tu, manyoya yanateleza kama uji. Chini yake ngozi nyeupe, laini, kama ya kichanga. Nimezikwangua tangu binti yangu yuko mgongoni, sijawahi kuzitazama. Leo nimezitazama.

Bi Gambuti, mwenzangu wa shimoni, kanipigia kelele: "We mama, unaikwangua hiyo ngozi au unaiposa?"

Nimecheka. Lakini wazo ni kama kupe, likishauma haling'oki.

Najua kinyozi kinakula glavu. Kucha zangu mbili kilizila. Lakini kikiwa kidogo mno? Kikiwa ndani ya mafuta ya kupaka? Hata ile krimu ya dukani harufu yake ni ileile ya shimoni. Ni ndugu hao, huyu kavaa nguo nzuri tu.

Jumamosi, 9 Machi

Nimekuja nacho kinyozi, kidogo tu, nimekichanganya kwenye kopo la mafuta ya kupaka. Siwezi kumpa mwanangu nisichokionja, kwa hiyo nimejipaka mkononi kwanza. Kimewasha kidogo, si cha kulalamikia. Nimefuta — vinywele vyote vimeondoka! Ngozi haina hata doa.

Nimemwita. "Mama, una hakika?" Nikamnyooshea mkono. Akaupapasa, akaurudia, akaupeleka shavuni mwake. "Laini," akasema. Macho yalimjaa maji. Kesho basi, asubuhi, haendi kazini.

Mungu ananipenda.

Jumapili, 10 Machi

Siwezi kuandika.

Jumatatu, 11 Machi

Alikuwa ameshanyoa. Mazoea tu. Aliamka, akanyoa kama kila siku, hata siku ya dawa ya kuacha kunyoa! Nami sikuuliza. Mkono wangu haujui wembe. Kidevu chake kina mikato midogo midogo isiyoonekana, na kinyozi kimepita humohumo.

Alivuta pumzi kwa meno. Nikamwambia vumilia, mama, vumilia kidogo. Mimi ndiye niliyesema vumilia. Akavumilia, kwa sababu ni mimi. Alikuwa ameshika ukingo wa meza. Kitambaa nilipokivuta hakikuja na nywele peke yake.

Maji. Nilimwagia maji mpaka hakuna ndoo yenye tone. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

Hospitalini daktari, binti mdogo, angeweza kuwa wangu, akauliza amepaka nini. Mwanangu akawahi, na kidevu kile: "Krimu ya dukani." Ananificha! Nikasema hapana, daktari, ni dawa ya kiwandani, ya ngozi za ng'ombe, nimempaka mimi mama yake. Daktari akaacha kuandika. Akanitazama. Nilingoja anitukane. Akasema tu, "Asante kwa kusema," akaanza kumwosha upya.

Jumatano, 13 Machi

Tumerudi kubadilisha bandeji. Daktari kauliza kuhusu siku zake. Mwanangu kasema haziji vizuri, zinapotea kwa miezi. "Nilidhani ni bahati." Mimi mama yake sikujua. Naijua ngozi ya kila ng'ombe aliyepita kwenye lile shimo!

Daktari anasema nywele zile si uchafu, wala si laana. Wanawake wengi wanazo, ila kila mmoja kajifungia bafuni kwake. Ni homoni, lazima damu ipimwe, na tumbo litazamwe kwa mashine. Vidonge vipo. Mashine za kuchoma mizizi ya nywele zipo. Ila kwanza kidonda kipone, na wembe asiuguse kabisa. Kovu? Labda. Tusubiri.

Nikauliza, je, atazaa? Daktari hakunijibu mimi. Kamgeukia yeye: "Hilo ni lako. Ukitaka kuuliza, uliza."

Hakuuliza.

Ijumaa, 15 Machi

Kazini sikwenda. Bi Gambuti alipita, nikamwambia nina mgonjwa.

Zinaota. Bandeji iko katikati, nyeupe, na ndevu zinaota pande zote, mashavuni, shingoni. Kioo cha bafuni kakigeuza kitazame ukuta. Chakula anakula. Nikimwita anaitika. "Ndiyo, Mama." "Hapana, Mama." Basi. Angenitukana ningepumua.

Jioni kaja fundi redio. Shikamoo mama, marahaba baba. Nikamwambia mwenzio ana homa. Akasema, "Homa gani, Mama, isiyotaka kuonwa?" Nikamwambia ya kuambukiza. Uongo mbaya, hata kuku angeukataa. Akasimama kizingitini anasugua kiatu kwa kiatu. "Basi nimwambie shangazi asije Jumapili?"

Nikajibu ndiyo, mwanangu, mwambie.

Sauti ikatoka ndani, nyuma ya pazia: "Usimwambie kitu. Kesho uje wewe. Peke yako."

Kijana akanitazama mimi kana kwamba ndimi niliyesema.

Jumamosi, 16 Machi

Kaoga asubuhi. Kaosha kidonda kwa maji ya chumvi kama alivyofundishwa, na bandeji hakuirudisha. Nilimwambia upepo mbaya, vumbi, vijidudu. "Daktari kasema leo kinaweza kukaa wazi, Mama."

Nikamletea mtandio, ule wangu mzuri. Nikamwonyesha unavyoweza kupita chini ya macho, ukafunika pua na kila kitu, watu wangedhani ni mafua tu. Akaupokea. Akaukunja vizuri, pembe kwa pembe, akaniwekea mkononi.

"Unanipenda sana, Mama," akasema. "Sasa kaa jikoni."

Hakuwa na hasira. Bora angekuwa nayo.

Ndiko niliko, jikoni. Naandika ili mikono ipate kazi, la sivyo nitaingia. Hodi imebishwa. Kafungua yeye. Nimesikia kijana akisema "Ha!" — moja tu, kama mtu aliyekanyaga maji baridi. Kisha akauliza ni nani kakufanya hivi. Mwanangu akamjibu, "Kidonda kitapona. Niulize kuhusu hizi ndevu."

Hakuuliza. Ama kauliza kwa sauti ndogo, sufuria inachemka, sisikii vizuri. Nimezima jiko.

Sasa mwanangu ndiye anayesema. Anamweleza wembe, uzi, sukari, mteja wa mikate. Miezi inayopotea. Sauti haitetemeki. Kinyozi hajakitaja. Kamwambia, "Nami sijui kama nitazaa. Nikitaka nitauliza. Sijataka bado. Sasa nipe mkono wako."

Kiti kimesogea. Kiti cha mbao hicho, kinalia kwenye sakafu. Sijui kimesogea upande wa mlango au upande wake. Pazia liko hapa, nikinyoosha kidole tu nitaona.

Sinyooshi.